Tazama Mguu wa Kushoto: Jinsi Miruko ya Wanawake Inavyopimwa Katika Kuteleza kwenye Barafu

Februari 2022 jijini Beijing, Alexandra Trusova wa Urusi alijaribu miruko mitano ya mizunguko minne ndani ya programu moja, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyekuwa amelithubutu kwenye Olimpiki. Kila mchezaji huonyesha programu mbili, fupi kisha ndefu, na alama zake hujumlishwa. Katika programu ndefu ya usiku ule aliwazidi wote kwa alama 177.13. Hata hivyo akaishia na medali ya fedha. Dhahabu ilikwenda kwa Anna Shcherbakova, Mrusi mwenzake aliyekuwa na miruko miwili tu ya aina hiyo, na shaba akaichukua Kaori Sakamoto wa Japani, ambaye hakuruka hata mmoja.

Watazamaji wengi wanaoukuta mchezo huu kila baada ya miaka minne huona matokeo ya namna hiyo wakasema kuna mtu kapendelewa. Wana sababu ya kushuku, maana mchezo huu umewahi kuaibika vibaya. Lakini mara nyingi jibu limeandikwa waziwazi kwenye karatasi ya matokeo, kwa vialama vidogo ambavyo watangazaji huvipita haraka. Nataka tuvisome pamoja. Nataka pia nieleze kwa nini naamini kwamba anayetaka kuujua mruko mzuri anapaswa kuacha kutazama juu, atazame chini, kwenye barafu. Mchezaji akishakuwa hewani hana la kufanya zaidi ya kujibana na kusubiri. Ubora wa mruko alikwisha kuutengeneza, au alikwisha kuupoteza, kabla hajaondoka.

Fizikia inalithibitisha hilo. Anayekaa hewani sekunde 0.6 amepanda sentimita 44 hivi, na akitaka kufikisha sekunde 0.7 lazima apande hadi sentimita 60. Mizunguko mitatu au minne inabidi iishe ndani ya muda huo mfupi. Mguu ukishaachana na barafu, hakuna tena kitu cha kusukuma: kimo kimeshaamuliwa na nguvu ya kuzunguka imeshaamuliwa. Kilichobaki ni kubana mikono kifuani na kukutanisha miguu ili mwili uwe mwembamba na kuzunguka upesi zaidi. Kwa hiyo anayetaka mizunguko mingi ana njia mbili tu, ama kuruka juu zaidi ama kuzunguka haraka zaidi. Mbele tutaona kwamba njia hii ya pili imeleta mjadala mkubwa kuhusu umri wa wasichana.

Tuanze na kiatu. Chuma kilicho chini yake kina unene wa takriban milimita 4, na upande wa chini kimechongwa mfereji mwembamba unaokipa kingo mbili, wa ndani na wa nje. Mchezaji mzuri hatelezi juu ya chuma kizima. Huegemea ukingo mmoja, na kila ukingo humpeleka kwenye mkunjo wake. Mbele kabisa kuna meno, ambayo baadhi ya miruko huyachomeka kwenye barafu ili kujirusha. Ukitaka kuutambua mruko, jiulize mambo matatu: mchezaji ameondoka akitazama mbele au nyuma, kwa ukingo upi, na je, amechomeka meno?

Miruko mikuu ni sita. Axel, yenye jina la Axel Paulsen wa Norwei aliyeiruka mwaka 1882, ndiyo pekee ambayo mchezaji huondoka akitazama mbele. Kwa kuwa hutua akitazama nyuma kama mingine yote, ina nusu mzunguko wa ziada, hivyo Axel ya mizunguko miwili kwa kweli ni miwili na nusu. Salchow, yenye jina la Ulrich Salchow wa Uswidi, na lupu huondoka kwa ukingo bila meno. Tolupu, flipu na Lutz, hii ya mwisho ikiwa na jina la Alois Lutz wa Austria, huchomeka meno. Katika jedwali la thamani la misimu ya karibuni, tolupu ya mizunguko mitatu ina pointi 4.20, Salchow 4.30, lupu 4.90, flipu 5.30, Lutz 5.90, na Axel 8.00. Mizunguko ikiwa minne, tolupu hupanda hadi 9.50 na Lutz hadi 11.50.

Flipu na Lutz ndizo zinazomfundisha mtu kuona, kwa sababu kwa jicho la haraka zinafanana kabisa. Katika zote mbili mchezaji anateleza kinyumenyume juu ya mguu wa kushoto, ananyoosha wa kulia nyuma, anachomeka meno na kuzunguka kuelekea kushoto. (Wachache huzunguka kulia; kwao geuza kila kitu.) Tofauti iko kwenye mguu wa kushoto. Katika flipu mguu huo umelalia ukingo wa ndani, na mkunjo anaouchora unakwenda upande uleule ambao mwili utazungukia, kwa hiyo mwendo unamsaidia. Katika Lutz mguu umelalia ukingo wa nje. Mkunjo unampeleka upande mmoja, na mwili lazima uzunguke upande wa pili. Anapingana na mwendo wake mwenyewe, na ndiyo sababu Lutz hulipwa zaidi.

Sasa kitazame kifundo cha mguu huo wa kushoto. Mchezaji anakuja kwa mkunjo mrefu kuelekea kona ya uwanja, goti limekunjwa, kifundo kimeinamia nje. Mguu wa kulia unaanza kwenda nyuma kutafuta mahali pa kuchomeka meno. Hapo mwili, ambao unajua unakokwenda, hutaka kuanza kuzunguka mapema, na kifundo kinapinduka kutoka nje kwenda ndani. Ni mwendo mdogo usiozidi upana wa kidole, tena hutokea sehemu ndogo ya sekunde kabla ya kuondoka. Lakini ukitokea, kilichorukwa si Lutz tena. Ni flipu iliyoandikwa jina la Lutz, na anayeiruka hivyo anadai pointi za kazi ambayo hakuifanya. Barafu hubaki na ushahidi: mstari uliokuwa ukipinda upande mmoja unageuka na kupinda upande wa pili, kama herufi S, kabla tu ya tundu la meno.

Anayeamua kama hilo limetokea si jaji. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu kila mruko hupimwa na makundi mawili yenye kazi tofauti. Kundi la kwanza ni jopo la ufundi lenye watu watatu: mtaalamu wa ufundi, msaidizi wake na mdhibiti wao. Wao hutaja kila mruko unavyotokea, kisha hurudia picha za ile yenye utata na kuamua kwa wingi wa kura. Wakiwa na shaka, wameelekezwa kumpa mchezaji faida ya shaka hiyo. Kundi la pili ni majaji, ambao kwenye mashindano makubwa huwa tisa, na kila mmoja hutoa alama ya ubora peke yake. Jopo linasema huu ni mruko gani na umekamilika kiasi gani. Majaji wanasema ni mzuri kiasi gani. Mtu akilalamika kwamba majaji hawakuona mzunguko pungufu, analalamikia watu wasiohusika.

Jopo lina vialama vyake, na vinafaa kukaririwa. Herufi q maana yake mchezaji ametua akiwa amepungukiwa na robo mzunguko. Thamani ya mruko haiguswi, ila majaji wanapaswa kupunguza alama ya ubora. Mshale mmoja maana yake upungufu umezidi robo lakini haujafika nusu, na mruko unabaki na asilimia 80 ya thamani yake. Mishale miwili maana yake upungufu ni nusu mzunguko au zaidi. Hapo mruko unahesabiwa kama una mzunguko mmoja pungufu, na Lutz ya mizunguko mitatu inaanguka kutoka 5.90 hadi 2.10. Herufi e huwekwa kwenye flipu au Lutz iliyorukwa kwa ukingo usio wake, nayo pia hubakiza asilimia 80. Alama ya mshangao ni kwa ukingo usioeleweka vizuri, na hapo thamani haiguswi, lakini majaji hupunguza.

Alama ya ubora yenyewe inaanzia hasi 5 hadi chanya 5. Mfumo huu ulianza msimu wa 2018/19. Kabla ya hapo mwisho ulikuwa 3 kila upande. Kila ngazi moja ni asilimia 10 ya thamani ya mruko husika. Sentensi hiyo fupi ndiyo moyo wa ugomvi wote, na nitairudia. Kwanza tuone majaji wanatakiwa kutazama nini. Miongozo yao inataja mambo sita: kimo na umbali mkubwa, kuondoka na kutua vizuri, wepesi usioonyesha jitihada tangu mwanzo hadi mwisho, hatua za ufundi au njia isiyotarajiwa kabla ya kuruka, umbo zuri la mwili hewani, na kuendana na muziki. Hayo matatu ya kwanza ni lazima yatimie, la sivyo jaji hapaswi kutoa chanya 4 wala 5.

Naona orodha hiyo imekaa vizuri, hasa ilivyoweka kuondoka na kutua katika mizani moja. Shida ni kwamba jicho la binadamu halifanyi hivyo. Kutua ndiko tunakokuona, kwa sababu ndiko watu wanakoanguka. Kutua kuzuri hukutambui kwa mtu kubaki wima tu. Tazama kinachofuata: mguu wa kulia unapokea uzito huku goti likikunjika, wa kushoto unafagia kwenda nyuma na kunyooka, na mwili unaendelea kuteleza kwa mkunjo mpana karibu kwa kasi ileile aliyoingia nayo. Kubaya kunajitangaza. Chuma kinakwaruza, vumbi la barafu linaruka, kifua kinaanguka mbele, na mchezaji anasimama palepale kama aliyefika mwisho wa njia. Wote wawili wametua wima, lakini mmoja anastahili chanya 4 na mwingine sifuri.

Tupige hesabu ya mstari mmoja wa karatasi ya matokeo, mfano wangu mwenyewe. Mchezaji anaruka Lutz ya mizunguko mitatu na kuunganisha tolupu ya mizunguko mitatu. Thamani ya pamoja ni 10.10. Jopo linarudia picha na kuona tolupu ilipungua zaidi ya robo, wanaweka mshale. Tolupu inashuka kutoka 4.20 hadi 3.36, na jumla inakuwa 9.26. Majaji tisa nao wanatoa hasi 2, hasi 3, hasi 2, hasi 2, hasi 3, hasi 2, hasi 2, hasi 1 na hasi 3. Alama moja ya juu kabisa na moja ya chini kabisa zinaondolewa, saba zilizobaki zinatoa wastani wa hasi 2.29. Katika muunganiko asilimia hukokotolewa kwa mruko wenye thamani kubwa, hapa Lutz, hivyo anapoteza 1.35. Anabaki na 7.91. Kama tolupu ingekamilika na majaji wakampa chanya 2, angepata 11.28. Pointi 3.37 zimepotea kwa upungufu ambao mtu aliyekaa jukwaani hakuuona kabisa. Dhahabu ya wanawake ya Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018 iliamuliwa kwa tofauti ya 1.31.

Ukiyajua haya, mashindano ya zamani yanabadilika sura. Chukua Olimpiki ya Vancouver 2010. Mao Asada wa Japani aliruka Axel tatu za mizunguko mitatu, moja kwenye programu fupi na mbili kwenye ndefu. Huo ndio mruko ambao Midori Ito alikuwa mwanamke wa kwanza kuutua mashindanoni mwaka 1988, na hata mwaka 2010 waliouweza walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Kim Yuna wa Korea Kusini hakuwa nao, lakini akashinda kwa 228.56 dhidi ya 205.50 za Asada. Pengo la pointi 23 hivi! Bado wapo wanaosema Axel za Asada hazikuthaminiwa.

Mimi nadhani jibu liko kwenye ule mguu wa kushoto. Asada alikuwa na tatizo la muda mrefu la ukingo wa Lutz. Jopo lilipoanza kulikazia macho, aliadhibiwa mara kwa mara, na programu yake ndefu ya Vancouver haikuwa na Lutz hata moja. Mruko unaoshika nafasi ya pili kwa thamani ulikuwa haupo, na Axel zilibeba mzigo wa kuziba pengo hilo. Kim kwa upande wake alifungua programu zake zote mbili kwa Lutz na tolupu, mizunguko mitatu kwa mitatu. Ukiutazama muunganiko huo kwa mwendo wa polepole utaona kila nilichoeleza: anaingia kwa kasi kubwa, kifundo kimelalia nje hadi meno yanapoingia, anapaa mbali badala ya juu tu, anatua na bado ana mwendo wa kutosha kuruka tolupu bila kujikusanya. Majaji walimwongezea pointi katika mruko baada ya mruko. Ushindi ule ulijengwa na nyongeza ndogondogo, na naweza kuutetea mbele ya yeyote.

Lakini mwaka 2010 mizani ilikuwa nyingine, na hapa narudi kwenye ile asilimia 10. Kwa kuwa ubora hukokotolewa kutokana na thamani ya mruko, ubora wa mruko mgumu hulipwa zaidi kuliko ubora uleule wa mruko rahisi. Axel ya mizunguko miwili iliyo kamili kwa kila hali, chanya 5 kutoka kwa majaji wote, inaleta 3.30 na 1.65, jumla 4.95. Lutz ya mizunguko minne iliyokamilika hewani lakini mchezaji akaanguka inapata hasi 5, yaani inapoteza nusu ya 11.50, na inakatwa pointi 1 zaidi kwa kuanguka. Inabaki 4.75. Mmoja kafanya kitu bila dosari, mwingine kagaragara kwenye barafu, na tofauti yao ni pointi 0.20.

Hilo halinipendezi, ingawa naelewa hoja ya walioliweka: bila zawadi kwa anayethubutu, mchezo usingesonga mbele, na wasichana wangebaki na miruko ileile ya mwaka 1990. Tena mizani haielemei upande mmoja tu. Lutz ya mizunguko mitatu yenye chanya 4 ina 8.26, na inaizidi Axel ya mizunguko mitatu iliyopewa sifuri, yenye 8.00. Ubora unaweza kuziba pengo dogo la ugumu. Hauwezi kuziba pengo kubwa, na miruko ya mizunguko minne ilipoingia kwa wanawake, ilikuja na pengo kubwa.

Hapo ndipo jibu la Beijing lilipo. Trusova alikuwa ameanguka kwenye Axel ya mizunguko mitatu katika programu fupi, ambayo haikuwaruhusu wanawake kuruka mizunguko minne, akaingia usiku wa mwisho na 74.60 dhidi ya 80.20 za Shcherbakova. Miruko yake mitano ilimrudishia karibu kila kitu, lakini si kila kitu, kwa sababu baadhi ilitua kwa taabu na alama zake za usanii, ambazo majaji huzitoa kando na zile za miruko, zilikuwa chini. Sakamoto alichukua shaba kwa Axel ya mizunguko miwili ambayo ningependa kila anayejifunza mchezo huu aione: anaingia kwa kasi ya kutisha, anaruka umbali mrefu, na anatoka kana kwamba hakuna kilichotokea. Naye pia si malaika, kwani Lutz yake imewekewa alama ya ukingo mara kadhaa. Bingwa wa dunia wa miaka mitatu mfululizo, 2022 hadi 2024, na kifundo bado kilimsaliti!

Nilisema njia ya kuzunguka haraka ina mjadala wake. Mwili mwembamba usio na nyonga pana huzunguka haraka, na msichana wa miaka 14 au 15 anao mwili huo bila kuutafuta. Ndiyo maana wimbi la mizunguko minne lililoanza na Trusova kwenye mashindano ya dunia ya vijana ya mwaka 2018 lilikuwa wimbi la watoto, na wengi wao walipokua miruko ile iliwaacha. Juni 2022, Shirikisho la Kimataifa la Kuteleza kwenye Barafu, ISU, lilipitisha kupandisha umri wa kushiriki mashindano ya wakubwa kutoka miaka 15 hadi 17 kwa hatua. Alysa Liu wa Marekani amezipitia pande zote mbili. Akiwa na miaka 13 alikuwa bingwa wa taifa lake kwa Axel za mizunguko mitatu, na mwaka huohuo wa 2019 akatua Lutz ya mizunguko minne. Akaacha mchezo mwaka 2022, akarudi mwaka 2024, na Machi 2025 jijini Boston akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 19, bila Axel ile wala mizunguko minne. Haki inataka kusema kwamba Warusi hawakuwepo, kwani walizuiwa tangu Machi 2022. Hata hivyo, ukitazama programu yake ya Boston hutaona mahali alipopumzika kujiandaa kuruka. Miruko inatoka ndani ya hatua zake, na huo ni ubora ambao jedwali la zamani lingeulipa kidogo mno.

Kuna kosa moja ambalo mfumo wote huu hulikamata kwa nadra, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Ni kuanza kuzunguka kabla ya kuondoka. Kiasi fulani ni cha lazima: lupu na Salchow haziwezekani bila mwili kugeuka kidogo wakati chuma bado kiko kwenye barafu. Lakini wapo wanaogeuka mno. Kwenye tolupu utaona mchezaji amechomeka meno, kisha anageuka juu ya mguu huo hadi kifua kinatazama mbele ndipo anapaa. Nusu ya mzunguko wa kwanza ameumalizia chini. Kwenye flipu na Lutz wengine hukilaza chuma chote cha mguu wa kulia kwenye barafu badala ya meno peke yake, na kujizungusha juu yake. Wanatua vizuri, mshale hawapati, na kwenye karatasi wana mizunguko mitatu sawa na aliyeifanya yote hewani.

Sheria ipo. Anayeondoka akiwa ametazama mbele waziwazi, katika mruko usio Axel, anastahili mishale miwili. Ila kwa miaka mingi mwongozo wa jopo umeelekeza kwamba kosa hilo la kuondoka litazamwe kwa picha ya kasi ya kawaida tu, wakati kutua hutazamwa polepole na kurudiwa. Katika mashindano mengi jopo hutegemea kamera moja, na mruko unaofanyika kona ya mbali, mgongo ukiwa kwenye kamera, kifundo hakionekani vizuri. Shaka inamfaidi mchezaji, kama inavyotakiwa, na mwenye kosa anapita.

Mchezo huu umeshajirekebisha mara mbili ulipobanwa. Kashfa ya jaji wa Ufaransa, aliyedaiwa kupiga kura kwa mapatano katika mashindano ya wawili-wawili, Salt Lake City 2002, ndiyo iliyoua mfumo wa zamani wa 6.0, ambao 6.0 ilikuwa alama ya juu kabisa, na kuleta huu wa kuhesabu kila mruko. Kelele za Sochi 2014, Adelina Sotnikova wa Urusi alipomshinda Kim Yuna huku majina ya majaji yakiwa hayaambatanishwi na alama walizotoa, zilichangia siri hiyo kufutwa mwaka 2016. Leo unaweza kujua jaji gani katoa alama gani kwa kila mruko.

La kuondoka bado. ISU inazungumzia mifumo ya kompyuta ya kupima miruko, na televisheni ya Japani ilionyesha kimo, umbali na kasi ya kutua moja kwa moja kwenye mashindano ya dunia ya Saitama mwaka 2019, kwa hiyo uwezo upo. Mimi sisubiri kompyuta. Kamera ya pili upande wa pili wa uwanja, na ruhusa kwa jopo kupunguza kasi ya picha wakati wa kuondoka kama wanavyoipunguza wakati wa kutua, ni mambo yanayoweza kuanza msimu ujao. Wasichana wanaotumia miaka kuunyoosha ukingo wa nje wa mguu wa kushoto wangeanza kulipwa kwa kazi hiyo.